Mama Alitutazama kwa Pembeni

4 Februari

Hapana, dada, sijakonda. Aliyekwambia hivyo ni dereva wa lori, na yeye huniona nimesimama ubavuni mwa lori lake. Pale hata nyumba ikisimama itaonekana imekonda. Ninakula, ninalala, na kikohozi ni cha vumbi tu. Nyinyi je? Goti la shemeji limepoa? Mwambie akishindwa kulipandia ngazi asiliuze, bado lina wateja.

Wewe ndiye uliyetaka tuandikiane, eti kwenye simu nikiulizwa jambo gumu mtandao hukatika upande wangu tu. Haya, nimeshika kalamu. Ila usinicheke mwandiko, maana mimi shule niliishia la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza nimelala.

Biashara ya miwani inakwenda. Nimehamisha meza yangu mbele ya geti la hospitali kubwa. Hapo pana akili, dada. Mtu anatoka na karatasi ya daktari, anaitazama, haioni kichwa wala miguu. Anadhani macho yake yamekufa, kumbe ni mwandiko wa daktari. Mimi simwambii. Namvalisha namba moja na nusu, kisha mbili, kisha mbili na nusu, na ya tatu kila mtu husema afadhali.

Sasa hilo la daftari. Unasema daftari la kuandikia vipimo vya wateja limechapishwa ovyo, mistari imelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na ulilonunua la pili nalo vilevile. Dada, mwenye kiwanda atalewa siku ngapi mfululizo? Ni macho yako yamechoka. Miaka arobaini kwenye cherehani si mchezo. Nakutumia namba mbili na nusu, fremu nyekundu. Ukivaa hiyo mistari itanyooka yenyewe kwa aibu.

Mdogo wako,
Chapchap


27 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika salama, miwani nayo. Barua ilikuwa inanuka sigara kuliko dereva aliyeileta. Unasema kikohozi ni cha vumbi. Sawa, ni vumbi linalouzwa kwenye pakiti.

Sisi hatujambo. Shemeji yako anashuka ngazi kinyumenyume kama mtoto, lakini anashuka. Jirani yetu wa juu, yule mpiga pasi, amepata mjukuu, na kupitia dari yetu tunasikia kila anachokitaka huyo mjukuu.

Miwani inasaidia. Nyekundu imenipendeza, wateja wamesema. Ahsante sana.

Nina kazi kubwa, sketi sitini za shule, na mwalimu mkuu anazitaka kabla muhula haujafunguliwa, kwa hiyo sitaandika mengi. Nijibu jambo moja tu. Mama alikuwa na miaka mingapi alipoacha kushona? Nimehesabu mara tatu napotea.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Hujambo na nyumba yako? Mimi mzima kama chuma. Juzi walinzi walikuja kuniondoa getini, wakubwa wamesema barabara ni ya wagonjwa. Nikamwuliza mkubwa wao anasoma nini pale kwenye kibao. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea. Sasa ana namba mbili na meza yangu ipo palepale.

Mama aliacha kushona akiwa na sitini na mbili au tatu. Nakumbuka kwa sababu ndipo alipoanza ile dharau yake. Wewe ulikuwa umeshaolewa, hukuiona kila siku. Unamsalimia, anakutazama begani. Unamweleza jambo, yeye uso kaupeleka dirishani kama anasubiri mtu bora zaidi apite. Mjomba alikuja kutoka mbali, Mama akamkaribisha huku anaangalia fremu ya mlango. Mjomba alikasirika, hakurudi tena mpaka siku ya mazishi. Mimi nilikuwa namwigiza Mama mbele ya vijana wenzangu, nageuza shingo hivi, wanacheka mpaka wanakaa chini. Kwa nini unauliza?

Kama namba mbili na nusu inasaidia kiasi, tatu itasaidia zaidi. Nakutumia tatu, na tatu na nusu iwe akiba.

Hapa hospitali wameweka meza ya kupima presha bure, karibu na yangu, na muuguzi ananiita kila asubuhi nikae. Nimemwambia presha yangu ipo kwenye mauzo.

Chapchap


6 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa. Nilikuwa naanza barua naiacha. Shemeji yako anakusalimu. Mjukuu wa mpiga pasi ameota meno mawili.

Nikueleze habari ya sketi, usije ukaisikia kwa dereva, maana yeye ataiongezea chumvi. Nilizimaliza zote sitini, nikazikunja, nikavaa miwani yako namba tatu nikazikagua. Nikaona mapindo yamepinda. Kila sketi, katikati, pindo limebonyea. Nikajiambia nimezeeka, nimeshona ovyo. Nikafumua sketi ishirini na mbili, nikazishona upya, taratibu, mpaka nikaona pindo limenyooka kabisa. Usiku, mchana, mpaka zikaisha.

Mwalimu mkuu alizipokea akazitandika mezani kwake. Akaniita. Hakugomba, ni mtu mzima mwenzangu. Aliniuliza taratibu, "Fundi, hizi thelathini na nane ni zako, na hizi nyingine ulimpa nani?" Zile nilizozifumua ndizo zilizokuwa zimepinda. Nilikuwa nimechukua kitu kilichonyooka nikakipinda kwa mikono yangu mpaka macho yangu yakaridhika.

Nilimwambia nilimpa mwanafunzi. Sina mwanafunzi.

Jumapili shemeji yako ameniuliza kwa nini namtazama kwa dharau anapoongea. Nilikuwa simtazami kwa dharau. Nikimtazama usoni, uso una ukungu. Nikitazama sikio lake, uso naupata.

Miwani ni nzuri. Usitume nyingine kwanza.

Dada yako


12 Mei

Dada,

Leo sina salamu ndefu, shemeji anisamehe. Soma hii, na kama herufi zinakusumbua mpe shemeji asome kwa sauti, hata kama kuna mahali atanitukana.

Barua yako ya sketi niliisoma mezani, na mimi mdomo wangu unaujua. Nikaigeuza kichekesho. Nikawasimulia walinzi, nikamsimulia na muuguzi wa chumba cha macho aliyekuja kutazama fremu. Fundi aliyefumua zilizonyooka ili azinyooshe. Walinzi walicheka. Yule muuguzi hakucheka. Aliniuliza una miaka mingapi, mistari ilianza kupinda lini, jicho moja au yote. Kisha akauliza Mama yetu aliishiaje. Nikamwambia alianguka bafuni, upande mmoja ukafa, akakaa wiki mbili. Akauliza, "Na macho yake?" Nikamwambia yalikuwa mazima, ila alikuwa na dharau, anatutazama kwa pembeni.

Akaweka fremu chini. Akasema, "Kaka, katikati ya macho yake palikuwa pamekufa. Alikuwa anawatafuta kwa mahali palipobaki."

Dada, nimekaa na hilo siku nne. Mjomba amekufa na kinyongo chake. Na mimi nilikuwa nageuza shingo watu wacheke.

Sasa sikiliza yako. Amesema hakuna miwani duniani itakayosaidia, maana ubovu haupo mbele ya jicho ambako miwani inakaa, upo nyuma kabisa, pale panapopokea picha. Namba tatu, namba kumi, ni sawa na kumpaka mtu mafuta goti wakati anaumwa jino. Akaniuliza nimekutumia miwani mara ngapi, nikasema mara mbili, akauliza ni miezi mingapi imepita tangu daftari la kwanza. Vidole ninavyo, nilishahesabu.

Amechora vile viboksi utakavyovikuta nyuma ya karatasi hii, na doa katikati. Ziba jicho moja kwa kiganja, tazama doa, kisha badilisha. Mstari ukipinda au kipande kikikosekana, usisubiri kesho. Nenda hospitali ya macho. Kuna aina ya huu ugonjwa inakwenda polepole, na kuna aina ambayo vishipa vinavuja damu nyuma ya jicho, hiyo haina subira, lakini ina sindano ya kuizuia.

Nikamwuliza mbona Mama, mbona wewe. Akasema uzee, ukoo, sigara. Mama hakuvuta, lakini baba alimvutia ndani miaka thelathini. Halafu akasema kuna jambo wanalichunguza huko ndani, mishipa ya damu. Mshipa wa kijana ni laini, moyo ukipiga unatanuka, unaumeza mshindo. Ukizeeka unakakamaa. Ni kama gari lililokufa springi, kila shimo linampata abiria, na jicho ndiye abiria wa kiti cha nyuma, vishipa vyake ni vyembamba kuliko uzi wako wa tarizi. Wameona wenye mishipa migumu wengi wana ubovu huu wa macho pia. Kama lile linaleta hili, au yote yanaletwa na uzee wakaja pamoja tu kama mashemeji, bado hawajui, na yeye hakutaka kunidanganya.

Wana mtambo wa kupimia. Unalala chali, wanakugusa shingoni na kijiti cha baridi kama mtu anayetafuta kifungo gizani, na pajani wanafunga kitambaa kinachobana mpaka unataka kuomba msamaha. Wanapima mapigo yanatoka shingoni kwenda pajani kwa kasi gani. Yakikimbia sana, bomba ni gumu. Kwa hiyo upimwe na presha pia.

Nenda, dada. Zile miwani zitupe.

Chapchap


28 Julai

Mdogo wangu,

Najua umepiga simu. Niliona jina lako, yaani niliona ni refu nikajua ni lako. Sikutaka kuongea. Anayeandika sasa ni shemeji yako, mimi nasema. Anasema nikuambie mwandiko wako umempa kazi kuliko goti.

Hatujambo. Mpiga pasi anahama, kwa hiyo hatutajua huyo mjukuu atatembea lini.

Viboksi nilivitazama siku ileile. Jicho la kulia mistari inatikisika kidogo tu. La kushoto nilipoziba la kulia, doa halikuwepo. Hukulichora, nikasema. Shemeji yako akasema lipo.

Nilikwenda Juni. Wakanitia dawa macho yakapanuka, nikarudi nyumbani nimefunika uso na kanga mchana kama mwizi. Kushoto kuna damu nyuma. Daktari, binti mdogo, ana upole. Alisema sindano haitarudisha yote, itazuia kilichobaki, na sindano ya kwanza ingefaa ile Februari. Hakusema kwa ubaya, aliuliza tu kwa nini sikuja. Nikasema nilikuwa na kazi ya sketi.

Sikusema juu yako, na sitasema. Ila wewe nikuambie. Miwani haikusaidia hata siku moja. Tangu ile nyekundu. Nilikwambia inasaidia kwa sababu ulikuwa umefurahi, na katika sisi wawili wewe ndiye hukuwahi kupata kitu cha kujivunia shuleni wala kazini mpaka hizo miwani. Nikasema nimwachie. Kosa ni langu nusu.

Sindano sijachoma. Nilikaa kwenye kile kiti, wakaniosha jicho kwa kile kitu cha kahawia, nikaona mkono unakuja. Miaka arobaini nimepitisha sindano kwenye vitambaa, najua inavyofanya. Nikainuka. Nikatembea mpaka nyumbani. Shemeji yako hajui hili, sasa anajua kwa sababu ameliandika. Ameweka kalamu chini.

Ameishika tena.

Jambo la mwisho. Barua yako ya Mei nimesomewa mara nyingi. Kijiti cha baridi kama mtu anayetafuta kifungo. Kitambaa kinachobana mpaka unataka kuomba msamaha. Chapchap, mimi ni fundi. Nguo ikiletwa najua kama imevaliwa au haijavaliwa. Muuguzi hakukusimulia hayo. Ulilala kwenye hicho kitanda.

Walikwambia nini?

Usiponijibu hilo, usinihubirie sindano.

Dada yako


5 Agosti

Dada, na wewe shemeji unayesoma, nakusalimu, na leo nimejitahidi mwandiko.

Ndiyo. Nililala. Ilikuwa Machi, siku mbili kabla sijakuandikia kwamba presha yangu ipo kwenye mauzo. Yule muuguzi wa presha alinibana, mlinzi akanisukuma, nikakaa kwa mzaha. Kile kipimo kilipomaliza kusoma yeye akakifunga upya, akapima mkono wa pili, akaacha kutabasamu. Wakanipeleka kwenye mtambo. Mimi nina hamsini na nne. Wakaniambia mishipa yangu ni ya mtu wa sabini na kitu. Mapigo yanapita mle mbio. Nikawaambia ndiyo maana naitwa Chapchap, hata damu yangu ina haraka. Walicheka, na mimi nikatoka nikicheka, nikafika nyuma ya ukuta wa hospitali nikawasha sigara, kiberiti kikazima mara mbili kabla haijashika.

Nilipewa vidonge vya kumeza kila siku. Nilimeza siku kumi na moja. Kichwa kilichokuwa kinaniuma asubuhi kikaacha, nikasema nimepona, nikaviweka chini ya kisanduku cha fremu. Vipo.

Sikukwambia kwa sababu mimi kazi yangu katika ukoo huu ni kuchekesha. Mchekeshaji mgonjwa watu wanamtazama kwa huruma, na mtu hanunui kitu kwa mtu anayemwonea huruma. Nilidhani pia nikikaa kimya haitakuwa kweli.

Kuna na lingine. Yule mama wa macho ananiita tangu Mei niingie dakika kumi, aangalie nyuma ya macho yangu. "Mama yako, dada yako, na mishipa hiyo," ananiambia, "unasubiri nini?" Sijaingia. Kutwa nawapima watu macho mimi, dada, na yangu sijui. Kila asubuhi nikifungua meza natazama nguzo ya geti kama imenyooka. Mpaka leo imenyooka. Lakini natazama haraka, halafu nageuka, nisije nikaona vingine.

Kwa hiyo wewe ulikimbia kiti na mimi nimekimbia mlango. Wewe una ujasiri kunishinda, angalau ulioshwa jicho.

Kuhusu zile miwani. Umesema kosa ni lako nusu. Siichukui hiyo nusu, irudi kwangu. Ulinieleza mistari inapinda nikakuuzia mzaha. Sasa mtu akija mezani akaniambia mistari inapinda au uso wa mtu una shimo, simvalishi kitu. Namshika mkono namwingiza getini. Wiki iliyopita niliingiza wawili. Mmoja alinitukana njia nzima, akatoka, akanipa mkono.

Najua huu muda wote ulikuwa unasubiri nikudanganye tena ili upate sababu ya kukaa nyumbani. Sijakupa. Sasa nisikilize kibiashara, maana lugha ya kubembeleza sikufundishwa.

Nimezungumza na dereva. Nashuka huko Jumanne ijayo, naacha meza kwa mlinzi. Kabla sijapanda lori nameza kidonge, na kila asubuhi baada ya hapo, mbele ya shemeji, yeye ashuhudie. Sigara nimempa dereva pakiti nzima, na ameapa akiniuzia hata moja njiani, wewe utamshonea suruali yenye mguu mmoja. Alhamisi tunakwenda hospitali yenu, wewe na mimi. Kile kiti cha sindano na chumba cha kupanua macho vinatazamana, nimeuliza. Wewe unadungwa jicho la kushoto na wanalitazama la kulia. Mimi natiwa yale matone, wanaangalia nyuma ya macho yangu, na chochote watakachokuta wataniambia ukiwa umekaa hapo, usikie kwa masikio yako, nisije nikapunguza. Ukiinuka kwenye kiti, na mimi nainuka. Ukikaa, nakaa. Kisha shemeji na goti lake anatuongoza wote wawili vipofu wa mchana mpaka nyumbani, na hilo nitalipia, hata kama ni kwa kumbeba sehemu ya ngazi.

Hiyo ndiyo bei. Kitu kimoja tu nimekuachia uchague, nani anaingia kwanza, wewe au mimi. Hapo nimeshapunguza, dada. Chini ya hapo siuzi.

Chapchap